Kutoka kodi ya sigara hadi dirisha la dawa: pesa za kutibu uraibu wa tumbaku

Mgonjwa wa kifua kikuu anayetibiwa katika kituo cha afya Nairobi humeza dawa kwa miezi sita: miwili ya mwanzo dawa nne, minne inayofuata dawa mbili. Katika muda huo hurudi kliniki tena na tena, akapimwa uzito, akahesabiwa vidonge, akatoa makohozi. Kama anavuta sigara, hakuna nafasi nyingine nzuri kama hiyo ya kumsaidia kuacha. Mara nyingi nafasi hiyo hupita bure. Hakuna aliyepewa jukumu la kumuuliza, dirishani hakuna dawa ya kumpa, na hata akiulizwa, hakuna mahali pa kuandika kwamba kazi hiyo imefanyika.

Mjadala wa fedha unapaswa kuanzia hapo. Wengi wanaotafuta ruzuku huanzia juu, kwenye mikakati ya taifa, kisha wakateremka. Pesa nazo huteremka hivyo hivyo, zikipungua kila ngazi, na zikifika kliniki zimebaki bango la ukutani na fulana. Makala haya yanaanzia chini: matibabu yana vipande gani, kila kipande kinahitaji nini, halafu ni mfuko upi unaoweza kukigharimia bila kukatika mwaka wa pili.

Swali la sekunde kumi

Uchunguzi wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku uliofanywa mwaka 2014 ulikuta watu wazima milioni 2.5 nchini Kenya wakitumia tumbaku, yaani asilimia 11.6: asilimia 19.1 ya wanaume na 4.5 ya wanawake. Humo wamo wavutaji na pia watu wa ugoro, ambao husahaulika kwa sababu hawatoi moshi. Tarakimu hizo zina umri wake, lakini zinatosha kupigia hesabu.

Julai 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kitabibu wa kutibu uraibu wa tumbaku kwa watu wazima. Msingi wake ni ushauri mfupi wa sekunde 30 hadi dakika 3, utolewe kama jambo la kawaida kila mtumiaji wa tumbaku anapofika kwa mhudumu wa afya. Mhudumu anauliza kama mtu anatumia tumbaku, anamshauri aache akiufungamanisha ushauri huo na ugonjwa uliomleta siku hiyo, kisha anampa msaada au kumwelekeza unakopatikana.

Sasa tuchukue kituo cha afya kinachohudumia watu wazima 120 kwa siku. Kuuliza swali pale wanapopimwa presha na uzito ni kama sekunde 10 kwa kila mmoja, jumla dakika 20. Tukitumia ile asilimia 11.6, kutakuwa na watumiaji wapatao 14. Ukimpa kila mmoja dakika 3, ni dakika 42 zaidi. Jumla ni kama saa moja ya muuguzi kwa siku, kituo kizima. Hesabu hii ndogo hukosekana katika maombi mengi ya ruzuku, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Ukiomba kuajiri mshauri maalumu wa tumbaku, umeomba mshahara ambao mfadhili ataukata siku mradi utakapokwisha. Ukiomba saa moja ya muuguzi aliyekwisha kuajiriwa, umeomba mabadiliko ya zamu na rejista. Saa hiyo, hata hivyo, haitoki hewani. Katika kliniki ambayo foleni imefika getini kufikia saa mbili asubuhi, msimamizi akiambiwa tu “ongezeni swali” bila kuonyeshwa kazi gani itahamishiwa kwa nani, swali hufa wiki ya pili.

Mchanganyiko wa wagonjwa nao hubadilisha hesabu. Kliniki ya wajawazito itakuwa na watumiaji wachache sana. Kliniki ya kifua kikuu na ya wanaume wenye shinikizo la damu itakuwa na wengi. Kwa mradi wenye pesa chache, uamuzi wetu ungekuwa kuanza na kifua kikuu, huduma za VVU, kisukari na presha. Hao wanarudi kwa tarehe inayojulikana, na jeraha la tumbaku kwao ni kubwa zaidi.

Dawa, na makosa yaliyomo kwenye oda

Nikotini ya sigara hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Mtu akiacha ghafla, hasira, wasiwasi, kukosa usingizi na hamu kali huwa mbaya zaidi katika wiki ya kwanza, kisha hulegea taratibu kwa wiki mbili hadi nne. Dawa zipo ili kumvusha mtu daraja hilo. WHO inapendekeza nikotini mbadala (plasta, chingamu na nyinginezo), varenikilini, bupropioni na sitisini, zikiambatana na ushauri. Plasta na chingamu za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2009. Varenikilini na bupropioni ziliongezwa 2021.

Dozi ya plasta ni rahisi kuikokotoa, ndiyo maana inashangaza inavyokosewa. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na plasta ya miligramu 21 kila siku kwa wiki 6, akashuka hadi 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Jumla ni plasta 70: 42 za kwanza, 14 za pili na 14 za tatu. Anayevuta 10 au chini ya hapo huanza na miligramu 14 kwa wiki 6, kisha 7 kwa wiki 2: plasta 56. Katika mji ambako sigara huuzwa moja moja kwenye kioski, na mwenye kibarua hununua kadiri ya alichopata siku hiyo, wateja wa kundi hili la pili hawatakuwa haba. Ukiagiza za miligramu 21 peke yake kwa kuwa ndizo “za mwanzo”, utajikuta na makasha yasiyotumika upande mmoja na wagonjwa waliopewa dozi kubwa, wenye kichefuchefu na ndoto mbaya, upande wa pili. Wakiacha plasta, watasema dawa haifanyi kazi.

Chingamu hukosewa kwa namna nyingine. Kuna ya miligramu 2 na ya 4. Ya 4 ni ya mtu anayewasha sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 baada ya kuamka. Katika wiki 6 za kwanza anatakiwa kutumia angalau vipande 9 kwa siku, yaani vipande 378. Pakiti ya vipande 100 humalizika siku ya 12. Mradi unaotoa “pakiti moja kwa mgonjwa” umemfikisha katikati ya mto. Namna ya kutafuna nayo ifundishwe: atafune polepole hadi ahisi mwasho, aiegemeze kati ya shavu na ufizi, mwasho ukiisha atafune tena. Akiitafuna kama chingamu ya kawaida, nikotini huishia tumboni na kumletea kwikwi na kiungulia. Asinywe chai wala kahawa wala soda dakika 15 kabla ya kutafuna, kwa maana asidi huzuia nikotini isipite kwenye utando wa mdomo. Maelezo haya yasipotolewa dirishani, pesa ya chingamu ni kama imemwagwa.

Plasta pamoja na chingamu hufanya kazi vizuri kuliko mojawapo peke yake: plasta inashikilia usawa wa siku nzima, chingamu inazima hamu inapopanda. Bajeti nyingi hununua moja na kuifuta nyingine ili kupunguza gharama, na matokeo nayo hupungua.

Varenikilini huanza wiki moja kabla ya siku ya kuacha: miligramu 0.5 mara moja kwa siku kwa siku 3, mara mbili kwa siku 4, kisha miligramu 1 mara mbili hadi wiki ya 12. Sitisini, ambayo imetumika Ulaya ya Mashariki tangu miaka ya 1960, ni ya siku 25 tu: vidonge 6 kwa siku mwanzoni, vikapungua hadi kimoja au viwili, jumla vidonge 100. Kwa nchi isiyo na pesa nyingi, muda huo mfupi ni hoja nzito. Ila dawa yoyote isiyosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu inaweza kukwama bandarini au uwanja wa ndege hata kama mfadhili ameilipia. Ukaguzi wa usajili unatangulia oda.

Kliniki ya kifua kikuu ina angalizo lake. Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huharakisha uvunjwaji wa bupropioni mwilini, kwa hiyo dawa hiyo hudhoofika kwa mgonjwa aliye kwenye matibabu. Bupropioni pia haifai kwa mwenye kifafa, wala kwa mtu anayeacha pombe ghafla. Kwa hiyo kliniki hiyo ipewe plasta na chingamu kwanza. Katika wodi za magonjwa ya akili kuna jambo jingine linalowashangaza hata madaktari: moshi wa sigara (si nikotini) huuchochea mwili uvunje klozapini, dawa ya ugonjwa wa akili, kwa kasi, na mgonjwa akiacha kuvuta, kiwango cha klozapini katika damu hupanda hata akiwa amebandikwa plasta. Teofilini ya pumu ni hivyo hivyo. Anayepeleka huduma ya kuacha tumbaku katika hospitali kama Mathari hana budi kuweka kwenye bajeti muda wa kupitia dozi upya, la sivyo atawaletea wenzake wagonjwa waliozidiwa na dozi.

Kwa watu wa ugoro, ushauri nasaha wa kina ndio mhimili; ushahidi wa dawa kwao ni mwembamba kuliko kwa wavutaji. Hapa pesa iende kwa mtu na muda wake kuliko kwa makasha.

Na kile kifaa cha kupulizia kinachopima kaboni monoksaidi? Wafadhili hukipenda kwa sababu kinapigika picha. Kina faida: mgonjwa akiona namba ikishuka hupata moyo. Lakini kinaonyesha uvutaji wa siku moja iliyopita tu au pungufu, hakioni ugoro kabisa, vijiti vyake vya mdomoni hununuliwa kila mara, na mtu aliyetoka nyumba ya chumba kimoja inayopikia jiko la makaa anaweza kusoma juu bila kugusa sigara. Kinunuliwe mwishoni, pesa ikibaki.

Mifuko iliyopo

Mwongozo wa Kifungu cha 14 cha Mkataba wa WHO wa Udhibiti wa Tumbaku, uliopitishwa Punta del Este, Uruguay, mwaka 2010, unazitaka nchi zitumie miundombinu iliyopo ya afya, ziandike matumizi ya tumbaku kwenye rekodi za wagonjwa, na zitafute fedha za kudumu, ikiwemo kutoka tumbaku yenyewe. Kenya iliridhia mkataba huo 2004. Swali ni mifereji gani tayari imechimbwa.

Wa kwanza ni ushuru wa sigara, na hapo watu wengi hukosea. Husikika sana kwamba “wavutaji wanalipa kodi, kwa hiyo pesa ya kuwatibu ipo”. Ushuru huo huingia katika Mfuko Mkuu wa Serikali ulioundwa na Kifungu cha 206 cha Katiba, ukachanganyika na kodi nyingine zote. Hakuna shilingi iliyopigwa muhuri wa kliniki. Kodi ikipanda, sigara hupanda bei na baadhi ya watu huacha au kupunguza. Hiyo ni faida kubwa ya afya, lakini ni faida ya bei. Haileti plasta.

Wa pili umeandikiwa kazi hii hasa. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 iliunda Mfuko wa Kudhibiti Tumbaku, na miongoni mwa matumizi yake ni utafiti, usambazaji wa habari, na kuendeleza programu za kitaifa za kuacha tumbaku na urekebishaji. Kanuni za mwaka 2014 zikauwekea chanzo: mtengenezaji au mwagizaji alipe mchango wa fidia wa asilimia 2 ya thamani ya bidhaa za tumbaku alizotengeneza au kuingiza nchini katika mwaka huo wa fedha. Kampuni ya British American Tobacco Kenya ilizipinga kanuni hizo kuanzia Mahakama Kuu, ikaenda Mahakama ya Rufaa, na mwishowe Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yake Novemba 2019. Kwa hiyo mchango wa asilimia 2 ni sheria iliyokwisha kupimwa mahakamani, na anayeandika ombi la fedha leo hana haja ya kuogopa kuutaja.

Pesa ikiwa katika mfuko wa kitaifa, bado iko mbali na zahanati ya Korogocho au Kawangware. Tangu ugatuzi wa 2013 vituo vya afya na hospitali za kaunti ni mzigo wa serikali ya kaunti. Wizara ya kitaifa inabaki na sera na hospitali za rufaa za kitaifa. Shilingi ya mfuko wa tumbaku inaweza kulipia mwongozo, mafunzo au kampeni bila kuvuka mpaka huo. Ili ilipie dawa katika kituo cha kaunti, inahitaji ruzuku yenye masharti au makubaliano ya maandishi kati ya ngazi mbili za serikali, na makubaliano hayo yaonekane katika vitabu vya pande zote mbili. Miradi mingi hukauka pale pale mpakani.

Kaunti ina kalenda, na kalenda haisubiri mtu

Mfuko wa tatu, bajeti ya kaunti, ndio mgumu na ndio unaodumu. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, mwaka mzima karibu kabla pesa haijatumika. Taarifa ya mkakati wa kifedha inafuata kufikia 28 Februari, na makadirio yenyewe kufikia 30 Aprili. Mtu anayekuja City Hall, makao ya serikali ya kaunti ya Nairobi, mwezi Mei na wasilisho zuri kuhusu plasta za nikotini amekuja kusalimia tu. Wazo lilipaswa kuwa katika mpango wa Septemba, na kabla ya hapo katika mpango jumuishi wa miaka mitano wa kaunti, ambao wa sasa unaishia 2027.

Jina la kifungu cha bajeti nalo lina uzito. Kifungu kiitwacho “uhamasishaji kuhusu tumbaku” hakiwezi kununua dawa. Dawa hukaa chini ya kifungu cha dawa na vifaa vya tiba, ambacho kaunti hukitumia kuagiza kutoka KEMSA, mamlaka ya serikali ya kusambaza dawa. Ukiweza kuziingiza plasta kwenye orodha ya dawa ambazo kaunti huagiza kila robo mwaka, hutahitaji tena kupigania kifungu chenye jina lako. Hatari yake ni kwamba kaunti ikichelewa kulipa deni, oda hukatwa, na dawa isiyo na mtetezi ndiyo hukatwa kwanza. Daktari wa kisukari atapiga simu insulini ikikosekana. Nani atapiga simu plasta zikikosekana? Kila kaunti ndogo inahitaji mtu mmoja anayetajwa kwa cheo chake, hata kama kazi hiyo ni sehemu ndogo tu ya siku yake.

Kuhusu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya bima ya taifa ya afya, NHIF, Oktoba 2024, kuna mifuko mitatu: wa huduma za msingi, wa bima ambao wenye ajira huchangia asilimia 2.75 ya mshahara, na wa dharura na magonjwa sugu. Bima ya namna hii hulipia vizuri kitu chenye mwanzo na mwisho: upasuaji, uzazi, siku za kulazwa. Uraibu wa tumbaku hauhitaji kitanda. Unahitaji dakika tatu, plasta za wiki mbili, simu, kisha dakika tatu tena. Kwa hiyo swali kwa SHA linalozaa matunda ni hili: ziara fupi ya aina hiyo inalipwa katika ngazi gani ya kituo, na kwa msimbo gani? Mhudumu naye aandike utambuzi wa pili. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha magonjwa, ICD-10, matatizo ya kiakili na kitabia yatokanayo na tumbaku ni F17. Mgonjwa akiandikiwa “mkamba” peke yake, tumbaku haipo, si kwa mlipaji wala kwa takwimu.

Safu isiyokuwepo

Hilo latufikisha kwenye rejista. Wagonjwa wa nje wa zaidi ya miaka mitano huandikwa katika rejista ya MOH 204B, muhtasari wa mwezi huenda kwenye MOH 705B, kisha takwimu huingizwa katika mfumo wa taarifa za afya wa kitaifa. Kazi isiyo na safu katika mlolongo huo haionekani kaunti, na isiyoonekana haipangiwi fedha. Ndiyo sababu miradi inayochapisha daftari lake yenyewe, zuri lenye jalada la rangi, hufa na daftari hilo likiisha kurasa. Afadhali kupigania safu moja katika rejista ya serikali, au sehemu moja katika mfumo wa KenyaEMR unaotumika kwenye kliniki za VVU, kuliko kuwa na daftari kumi za mradi.

Marekani walijifunza hivyo kwa pesa nyingi. Mwaka 2017 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya nchi hiyo ilianza mpango wa kusaidia vituo vikubwa vya saratani kutibu uraibu wa tumbaku. Vituo 52 vilipata dola 250,000 kwa mwaka kwa muda wa miaka miwili. Sharti halikuwa kununua dawa kwa wingi. Vituo vilitakiwa kubadilisha mfumo wao, kila mgonjwa aulizwe, jibu liingie kwenye rekodi ya kielektroniki, na aliye mtumiaji apelekwe kwenye matibabu bila kusubiri daktari akumbuke. Miaka miwili ilichaguliwa kwa sababu ndogo yenye maana: pesa ilikuwa ya kujenga mfereji, maji yatoke kwingine.

Wazo la kuchota hapo ni lile la kumpa mtu huduma kwanza na kumwachia haki ya kukataa. Badala ya “ungependa msaada wa kuacha?”, muuguzi anasema: “Kila anayevuta hapa tunampa plasta za wiki mbili na tunampigia simu Ijumaa. Hizi zako.” Asiyetaka atasema. Wale ambao wangejibu “labda siku nyingine” kwa sababu ya aibu, watachukua.

Ombi lenyewe

Tuseme kituo chetu cha watu 120 kwa siku kinapata watu 3 kwa siku wanaokubali, siku 22 kwa mwezi: watu 66. Hizo ni tarakimu za mfano. Badilisha kwa zako. Anayeagiza plasta 70 kwa kila mmoja ataagiza 4,620 kwa mwezi, na nyingi zitaharibika stoo, kwa kuwa si wote watakaorudi. Toa za wiki mbili kwa wakati: 66 mara 14 ni plasta 924 kwa ziara ya kwanza. Kisha hesabu wangapi wamerudi kwa miezi mitatu, na oda ya robo ya pili itajiandika. Plasta hazipendi joto, hivyo kibanda cha mabati kilichogeuzwa stoo hakifai. Iliyotumika bado ina nikotini ya kutosha kumdhuru mtoto. Ikunjwe upande wa gundi ndani kabla ya kutupwa.

Weka pesa ya simu. Simu siku ya 3, ya 7, ya 14 na wiki ya 4 baada ya siku ya kuacha, kwa kuwa wengi hurudi kwenye sigara ndani ya wiki mbili za kwanza. Andika namba mbili, ya pili iwe ya ndugu au jirani, maana laini hubadilishwa. Muda wa maongezi uwekwe kwa jina la kituo. Ukiwa kwenye simu ya muuguzi, utaondoka naye akihamishwa. Laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, inaweza kubeba sehemu ya kazi hii usiku na wikendi, lakini wanaopokea waelezwe mapema ni dawa gani kituo chako kinatoa. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita mlango kwa mlango wanaweza kumtafuta aliyepotea, na kwa watu wa ugoro hao ndio wenye mkono mrefu kuliko kliniki.

Mafunzo yasizidi sehemu ndogo ya bajeti, na yafanyike kituoni. Semina ya siku tatu hotelini, pamoja na posho na nauli, hula pesa ya plasta za mwaka, na nusu ya waliohudhuria watakuwa wamehamishwa kabla ya Krismasi. Saa mbili mahali pa kazi, zikarudiwa kila robo mwaka kwa wageni, zinatosha kufundisha ushauri mfupi.

Chanzo cha pesa nacho kina mtego. Mwaka 2017 kampuni ya Philip Morris International iliahidi dola milioni 80 kwa mwaka kwa miaka 12 kwa taasisi iliyoitwa Foundation for a Smoke-Free World; WHO ilitangaza haitashirikiana nayo na kuzishauri serikali vivyo hivyo. Tangu 2024 inaitwa Global Action to End Smoking. Jina limebadilika, swali ni lile lile: pesa ya kwanza ilitoka wapi? Kifungu cha 5.3 cha Mkataba, na kanuni za Kenya za 2014, zinawakinga maafisa wa umma dhidi ya mikono ya sekta ya tumbaku, hivyo kaunti inayopokea bila kuuliza inajiweka pabaya. Ni tahadhari hiyo hiyo kwa bidhaa. Vifuko vya nikotini vya LYFT viliwahi kuuzwa Nairobi vikiwa vimesajiliwa kama bidhaa ya dawa, hadi mwaka 2020 Wizara ya Afya ilipoupinga usajili huo. Vifuko vya aina hiyo havina nafasi katika orodha ya matibabu ya WHO, na visiingie kwenye oda kwa jina la “nikotini mbadala”.

Mwishoni mfadhili atauliza wangapi wameacha. Jibu lenye heshima hupimwa miezi sita baada ya siku ya kuacha, na wote walioanza wahesabiwe. Asiyepatikana kwa simu huandikwa kama anayevuta bado. Kwa hesabu hiyo matokeo huonekana madogo. Wanaojaribu kuacha peke yao bila msaada wowote, waliobaki bila sigara baada ya miezi sita hadi mwaka ni kama 3 hadi 5 kwa kila 100. Ukiripoti 15 kati ya 100, umefanya kazi kubwa. Ukiripoti 70, afisa anayejua kazi yake atakuomba daftari la simu.